Nataka kufunga viti 3 vya pedikyua kwenye fremu ya kupanga, nianzie wapi?

zuu_kucha

Habarini za humu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo ya mafundi na ya wenye saluni ambao tayari mnavyo hivi viti, maana nikiuliza mtaani kila mtu ananipa jibu lake.

Nina saluni ya kucha Mbezi Beach, Dar, siku zote pedikyua nafanya kwa beseni na stuli na wateja ninao namshukuru Mungu, sasa nimepata fremu kubwa meta 4 kwa 7, nataka niweke vile viti vya spa vyenyewe, vyenye beseni lake chini na masaji mgongoni, viti vitatu. Wakala wangu yuko Guangzhou ananitumia picha kila siku, kuna vya jeti (yale matundu yanayosukuma maji yazunguke kwenye beseni) zenye mabomba kwa ndani, kuna vya jeti za sumaku anasema hazina bomba, kuna vinavyomwaga maji kwa mtelemko tu na kuna vyenye pampu ya kutolea maji, bei zinapishana na mimi sielewi hiyo tofauti ina maana gani kwenye kazi. Halafu anavyo vingine vya voti 110, viliwekewa oda ya Marekani mwenyewe akashindwa kumalizia hela, hivyo ni bei ya chini sana na kusema ukweli ndo vinanivuta.

Fremu iko chini, sio ghorofani. Choo kiko nyuma kabisa na chemba iko nje nyuma ya hicho choo. Viti mimi nilitaka vikae mbele dirishani ili anayepita barabarani aone watu wamekaa wanahudumiwa, kutoka hapo mpaka ukuta wa nyuma ni kama meta 6. Sakafu ina tailizi nzuri na mwenye nyumba kashasema hataki mtu akate sakafu yake. Maji ni ya DAWASA yakitoka, yasipotoka ni kisima cha hapohapo na kina chumvi, tenki liko juu ya mnara wa kama meta 3. Fundi niliyempata anasema ni kazi ya siku moja, unaunga fleksibo mbili, bomba la maji machafu unalichomeka kwenye sinki la chooni, basi. Ni rahisi hivyo kweli? Na hita ya maji niweke ya aina gani? Nisaidieni kabla sijatuma hela.

fundi_bomba_kimara

Marahaba mwanangu. Hela usitume kwanza. Watu wananunua kiti halafu ndo wanaita fundi, wakati inatakiwa kwanza ujue maji machafu yatatokea wapi ndo uchague kiti. Maji masafi hayana tabu, yana presha, utayapeleka hata juu ya dari yakashukia upande wa pili. Maji machafu yanaenda yanakotelemka tu, hayo ndo yanaamua viti vikae wapi, sio dirisha.

Piga hesabu na mimi. Bomba la kutolea tunaweka PVC ya inchi 2, linatelemka sentimeta 2 kwa kila meta 1. Dirishani mpaka nyuma meta 6, hizo ni sentimeta 12 za kushuka. Bomba lenyewe lina unene wa sentimeta 5 na ushee, umeshafika 17, na sakafu haikatwi, kwa hiyo viti inabidi vipande jukwaa la sentimeta 20 hivi ili bomba lipate pa kupita. Hiyo ni ngazi ndefu. Mama mtu mzima mwenye magoti yake anapanda sawa, ila anashuka miguu ina mafuta na slipasi za karatasi, hapo ndo utakuja kunikumbuka.

Sasa ukivipanga kwa mstari kwenye ukuta wa pembeni kuanzia chooni kuja mbele, kila kiti ukikipa meta 1 na sentimeta 20, vitatu vinakula meta 3 na sentimeta 60. Cha mwisho kinakuwa kama meta 4 kutoka nyuma, mtelemko sentimeta 8, jukwaa la sentimeta 15 linatosha, ngazi moja ya kawaida. Kiti kina urefu wa kama meta moja na nusu, acha sentimeta 50 nyuma yake kwa sababu kinarudi nyuma mtu akilala na pia fundi apate pa kuingiza mkono, inabaki kama meta 2 ya mfanyakazi kukaa na watu kupita. Inatosha. Dirishani weka meza za kucha za mikono na taa nzuri, anayepita ataona watu vilevile.

Kuhusu pampu au mtelemko. Cha pampu kinasukuma maji juu, kwa hiyo jukwaa hulihitaji, bomba linapita ukutani na unaweza kukaa nalo mbali kidogo na chemba. Ila umeme ukikatika mteja yuko katikati, maji machafu yanabaki kwenye beseni na wewe huna la kufanya mpaka uchote kwa kopo. Halafu ile pampu ni ndogo, ukipenda kupamba maji kwa maua ya waridi na vipande vya limao, petali moja ikiingia inaziba. Cha mtelemko hakina cha kuharibika, unafungua kizibo yanaondoka. Kwa umbali wako mimi ningechukua cha mtelemko. Cha pampu ni cha mtu ambaye hana namna kabisa, kama aliyepo ghorofani kwenye fremu isiyo na bomba la maji machafu karibu.

Hilo la kuchomeka kwenye sinki la chooni likatae. Viti vitatu vikimwaga pamoja maji yatapandia kwenye sinki, halafu harufu ya shimo itarudi mpaka kwenye viti. Kila kiti kiwe na mtego wake, lile bomba lililopinda linalobaki na maji kuzuia harufu, halafu vyote viingie kwenye bomba moja linaloenda moja kwa moja chemba. Ile hozi ya mikunjo inayokuja na kiti isilale sakafuni imebonyea katikati, pale kwenye bonde uchafu unakaa na ndani ya wiki unanuka. Ikatwe fupi, itelemke yote. Kwenye kila kona weka kifuniko cha kuzibulia.

Kwa upande wa maji masafi, kila kiti kiwe na koki zake mbili za kufungia, ya moto na ya baridi, ili kimoja kikiharibika viwili viendelee na kazi. Na lazima uweke vavu ya kuzuia maji kurudi. Vile viti vina bomba la mkono la kuoshea miguu, wafanyakazi wanalitumbukiza kwenye beseni wanaliacha humo, DAWASA wakikata au tenki likiisha bomba linanyonya, na kitakachonyonywa ni maji uliyooshea miguu ya watu, yanaingia kwenye laini unayotumia kunawa na kuchemshia chai. Vavu ya bei ndogo tu inazuia hilo.

Jambo la mwisho, ongea na mwenye nyumba kuhusu shimo sio sakafu tu. Beseni moja linachukua kama lita 18. Maji ya kulowekea, ya kusuuzia, na ya kusafishia kiti mteja akiondoka, unakaribia lita 50 kwa mtu mmoja. Wateja 20 kwa siku ni lita 1000, yani tenki zima linaingia kwenye shimo ambalo limechimbwa kwa ajili ya choo kimoja cha fremu. Gari la kunyonya litakuja mara kwa mara na mtagombana nani alipe. Hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla hujaweka bomba.

zuu_kucha

Baba asante sana, yani hiyo ya shimo haikunijia kabisa. Na waridi ndo natumia kwa wateja wa kifurushi kikubwa, kumbe. Hiyo kazi ukiifanya wewe inachukua muda gani? Na kuhusu umeme je, hivi vya 110 si nikinunua transfoma inatosha?

fundi_bomba_kimara

Mabomba, jukwaa na kuunga viti hesabu wiki kama vifaa vyote vipo, na katikati kuna siku ya kusubiri tu. Kabla hamjafunika jukwaa kwa tailizi au mbao jaza viti vyote vitatu, vimwage kwa pamoja, fundi apite na tochi na kipande cha tishu kavu azungushe kila kiungo. Jicho linadanganya, tishu ikilowa hata kidogo unaiona. Halafu vijaze tena, viache vimejaa usiku kucha, asubuhi arudie. Na jukwaa liwe na milango midogo ya kufungua nyuma ya kila kiti, usikubali mtu akufungie jumla. Ya umeme waachie wenyewe.

waya_na_breka

Zuu hivyo vya 110 achana navyo kabisa hata wakupe nusu bei. Umeme wetu ni voti 230 hezi 50 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde), wa Marekani ni 120 hezi 60. Transfoma inashusha voti lakini hezi haigusi, inabaki 50 ileile. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiipa 50 inazunguka pole kwa kama sehemu moja ya sita na inachemka kuliko ilivyopangiwa, kwa hiyo jeti zitakuwa dhaifu na mota itakufa mapema. Af hizo transfoma zitakaa wapi, sakafuni pembeni ya maji? Na siku moja dada wa usafi atachomeka kiti moja kwa moja ukutani kwa bahati mbaya, kimekwisha.

Wakala asikutumie picha ya kiti, mwambie akutumie picha ya kile kibandiko cha umeme kilichopo nyuma au chini ya kiti. Kiandikwe 220 mpaka 240, hezi 50, na wati ngapi. Kama kimeandikwa 100 mpaka 240 na hezi 50/60 hicho nacho sawa. Akikwambia "usijali inafanya kazi kote" bila kibandiko usilipe.

Sasa la muhimu kuliko yote, yani hili ukifanya jingine lote ukaacha mimi nitashukuru, weka RCD ya miliampea 30 kwenye laini ya viti. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haimlindi mtu. Ile ya ampea 16 inasubiri zipite ampea nyingi ndo ikate, na mtu kufa haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja, tena hapa unazungumzia mtu amekaa miguu yote miwili majini na chini ya makalio yake kuna mota. RCD ikiona umeme umevuja kidogo tu inakata hapohapo. Ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila mwezi, isipokata ibadilishe. Na usiache eathi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, eti kwa sababu una RCD, hizo fremu nyingi soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya wowote, mwambie fundi afungue akuoneshe kwa macho na apime ile fimbo ya ardhini. Chukua fundi mwenye leseni ya EWURA, sio anayejua kuunga tu.

Soketi ziwe ukutani nyuma ya kiti kama nusu meta kutoka chini, kila kiti na yake, ekstensheni ya sakafuni marufuku. Mkibana kiti ukutani angalieni waya usikae kwenye njia ya reli, kiti kinateleza mbele na nyuma kila siku kinaukwaruza mpaka shaba inatoka nje na hakuna anayeona.

Hita. Watu watakwambia weka zile za papo kwa papo kila kiti na yake. Moja ni wati 5500, inakula kama ampea 24, tatu zikiwaka pamoja ni zaidi ya ampea 70, na una AC, draya za nywele kama zipo, laini ya fezi moja haikubebi. Tena hizo za papo kwa papo nyingi zinataka presha ndo ziwake, na tenki lako la meta 3 linakupa kama baa 0.3 tu, utakuta unafungua koki hita imenyamaza. Chukua hita ya tenki ya lita 100, kilowati 3, hiyo ni ampea 13 tu. Maji ya Dar yanakuja yana joto la kama nyuzi 27, ukiyapasha mpaka 60 na mteja anataka 40 kwenye beseni, kwenye zile lita 18 ya moto ni lita 7 tu na ya baridi 11. Viti vitatu kwa mpigo ni lita 21. Kwa hiyo lita 100 zinakutosha na chenji inabaki, na kuipasha yote kutoka baridi ni saa 1 na robo hivi, kama uniti 4 za LUKU. Angekuwa mtu wa Njombe au Makete ningemwambia hesabu nyingine, kule baridi ni baridi kweli.

Maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ndani ya sekunde chache, weka ile koki ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe, isimtoke mteja maji ya moto tupu eti kwa sababu ya baridi yamekatika. Wenye kisukari wengi miguu yao haisikii moto, mtu anaungua huku anakuangalia anacheka. Mfanyakazi apime kwa kiwiko chake kwanza au kipimajoto. Na hita ining'inie kwenye ukuta wa tofali, ikijaa inavuka kilo 120, jipsamu haiwezi.

dada_wa_bamburi

Hujambo dadangu Zuu. Niko Mombasa, Bamburi, na maji yetu ya kisima huku ni chumvi vilevile kwa hivyo hilo naweza kukuambia. Chumvi itakula kile chuma cha hita na itaganda kwenye jeti, utaona utando mweupe kwanza, ukiuacha unakuwa gumu kama jiwe na jeti inaanza kupiga kelele. Kama unaweza, weka tenki la pili dogo la maji ya DAWASA pekee, hilo lipeleke kwa hita na viti, maji ya kisima yabaki ya choo na kudeki. Mimi nimefanya hivyo na hita imekaa.

Ukiona utando, siki nyeupe au unga wa limau unaouzwa wa kusafishia birika, jaza maji vuguvugu, washa jeti, wacha, halafu suuza sana. Lakini hapa sikiza kwa makini kwa sababu wasichana wa kazi hawajui. Siki na jiki visikutane. Vikichanganyika vinatoa hewa ya klorini, kwenye chumba kidogo chenye AC na milango imefungwa mtu anaanguka. Siku ya siki ni siku ya siki, siku ya jiki ni jiki, na katikati beseni lisuuzwe mara mbili.

Jeti chukua za sumaku. Yaani ile mota iko nje ya beseni, na ndani kuna kipande kidogo tu kinachozungushwa na sumaku, unakivuta kwa mkono kinatoka, unakipiga brashi, unarudisha. Hakuna bomba lililojificha. Na agiza laina za plastiki za kutandika kwenye beseni zinazolingana na kiti hicho hicho, uliza mapema kama zapatikana, kwa sababu kuna viti vya umbo la ajabu ambavyo laina ya kawaida haiingii na utabaki unaagiza kutoka Uchina kila wakati.

Kitu kingine, ngozi ya kiti. Hewa yetu ya bahari na asetoni ni maadui wa ile ngozi bandia, sehemu za mikono ndizo huanza kubabuka. Tandika taulo kwenye mikono ya kiti kila wakati wa kazi na chupa ya asetoni ikae kwa treya, sio kwa kiti.

kijana_wa_arusha

Samahani kwa kuingilia, sio lazima viti vya Uchina. Sisi huku tumejengewa benchi la tofali lenye tailizi, juu magodoro ya kukalia yenye ngozi, chini mbele ya kila mtu kuna beseni la kauri limekaa kwenye shimo lake na koki ya kuchanganya maji, limeungwa bomba moja kwa moja. Hakuna mota hakuna rimoti hakuna jeti, unasugua beseni na dawa unasuuza limeisha. Fundi seremala na fundi ujenzi wa hapahapa ndo wamefanya. Masaji ya miguu tunafanya kwa mikono na mteja anaipenda kuliko ile ya mashine inayopiga piga mgongo. Shida yake ni moja, ukihama unaliacha benchi. Kwa fremu ya kupanga fikiria hilo.

mama_kucha_houston

Dada Zuu mimi nafanya kucha Marekani, Houston, miaka mingi sasa, nimesoma yote hapo juu na nakubaliana nayo ila kuhusu jeti nataka niongeze uzito kwa sababu watu wanaona ni suala la bei.

Mwaka 2000 kule California, mji unaitwa Watsonville, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitokwa na majipu miguuni, kuanzia magotini kushuka. Wataalamu wa afya walipoenda kuangalia wakakuta nyuma ya zile chujio za beseni, pale maji yanaponyonywa kurudi kwenye mzunguko, pamejaa nywele na ngozi za watu, na humo kulikuwa na bakteria anaitwa Mycobacterium fortuitum, ni wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Anaishi kwenye maji ya kawaida tu ya bomba, akipata pa kujificha na chakula anazaliana. Juu beseni lilikuwa linaonekana safi kabisa. Yale majipu hayaponi kwa wiki, watu walikaa nayo miezi na wengine yaliacha makovu. Na walioathirika zaidi ni waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kuja, kwa sababu wembe unaacha vimichubuko ambavyo huvioni.

Ndo maana hizi jeti za mabomba ya ndani huku watu wengi wamezikimbia. Sio kwamba hazisafishiki, zinasafishika, ila inabidi ufungue chujio kila siku na uendeshe dawa ndani ya mabomba, na saluni ikijaa watu Jumamosi nani anafungua chujio? Kwa hiyo ukipewa kiti cha bomba kwa bei ndogo ujue umepewa na hiyo kazi.

Hata cha sumaku na laina usafi uko palepale. Mteja akiondoka unamwaga, unatoa laina, unasugua beseni kwa sabuni na brashi maana dawa haiui kitu kilichofunikwa na mafuta na ngozi, unasuuza, halafu dawa ya kuulia vijidudu inakaa dakika 10 kamili huku kile kipande cha jeti kiko ndani ya dawa. Dakika 10 weka saa, wafanyakazi wakiambiwa wakadirie wanakadiria mbili. Jiki inafaa ukifuata kipimo cha kwenye chupa, ila chuma inakula kwa hiyo suuza vizuri baadaye. Jioni unatoa kila kinachotoka, unasugua, unaacha pakauke mpaka asubuhi. Na weka daftari ukutani, kila kiti, saa ngapi, nani kasafisha. Huku tunalazimika na wakaguzi wanaliomba, huko kwako hata kama hakuna anayekuja kuliomba mteja akiliona anakuamini.

Weka na hili kwenye bei na ratiba yako: kila kiti kinakaa kama robo saa bila mtu kati ya mteja na mteja. Viti vitatu vitakufanyia kazi vizuri kama wafanyakazi wa miguu ni wawili, mmoja anahudumia huku kiti kingine kinasafishwa. Watu wanajaza viti vyote kwa wakati mmoja halafu usafi ndo unaokatwa.

Na mteja mwenye kidonda, fangasi mbichi, au aliyenyoa jana, asitumbukize miguu. Mweleze kwa upole, mfanyie kavu kavu, atarudi.

zuu_kucha

Jamani nimesoma yote mara mbili na nimemsomea na mwenzangu, Mungu awabariki. Nimeamua vya 110 basi, na jeti ni za sumaku. Viti nimevihamisha ukuta wa pembeni kama baba wa Kimara alivyosema, mwenye nyumba nimempigia amekubali jukwaa ila anataka liwe la mbao liondoleke, na la shimo kasema tutaonana Jumapili tuliandike. Wafanyakazi wa miguu ninao wawili kwa hiyo naona viti vitatu vinaenda. Benchi la kaka wa Arusha nimelipenda kweli lakini hapa sio kwangu.

Nina swali moja tu. Wakala anasema viti vinasafirishwa kwa ujazo na anapendekeza vije vimefungwa nzima ili visiharibike. Nikubali? Na hiyo mbao haitaoza kwa maji?

fundi_bomba_kimara

Mbao itumike iliyotiwa dawa, fremu yake isimame kwenye vipande vya plastiki au mpira isiguse sakafu moja kwa moja, juu weka plaiwudi ya mm 18 ya kuzuia maji halafu mpira wa sakafu usioteleza, kingo zote silikoni. Usiweke tailizi juu ya mbao, inacheza inapasuka. Pale miguu ya kiti inapokaa ongeza mbao ya kuvuka chini yake, kiti na maji na mtu ni mzigo. Kabla ya kufunga kiti piga pima maji pande zote mbili, kikiinama kidogo tu upande usio wa tundu la kutolea maji yatabaki kidimbwi kwenye beseni kila siku.

Kuja nzima, kwanza pima mlango. Fremu nyingi mlango wa upande mmoja ni sentimeta 80 na kiti na mikono yake ni 80 au zaidi, kitakwama nje. Mwambie avunje mikono na mgongo, vije vipande, ujazo unapungua na unalipia kidogo. Ila beseni na sehemu ya bomba vije vimeungwa kutoka kiwandani, hizo usimwachie mtu wa huku aanze kuunga upya. Na akuongezee kwenye boksi vipande vya akiba, ule mpira wa kizibo, kile cha jeti kimoja kwa kila kiti na rimoti moja, maana hivyo huvipati Kariakoo.

waya_na_breka

Na picha ya kibandiko ikija iweke hapa tuione kabla hujalipa. Jumlisha wati za viti vyote vitatu na hita na AC, niandikie, nitakwambia waya wa mm ngapi na breka ya ngapi.